Siku Nilipoyaachia Masufuria

Upendo mwanangu,

Umekwenda kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka umekula kwake mara mbili, kwa hiyo nimepata nafasi ya kukaa. Nimekaa jikoni, kwenye kile kigoda unachosema kitanivunja mgongo. Mgongo ulishavunjika siku nyingi, kigoda hakina kosa. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, kuni ni mbichi zinanitoa machozi, na mimi nimechoka, mwanangu, nimechoka mpaka kwenye vidole. Ukiona mwandiko umepinda usidhani nalia. Na ukidhani hivyo, hutakuwa umekosea sana.

Sitakuandikia habari za kuvaa sweta wala za kunywa uji kabla ya kazi. Dodoma hakuna baridi ya kwetu, na uji unaujua. Habari za wanaume umezisikia kwangu mpaka ukaanza kunimalizia sentensi, na shangazi yako akaongeza za kwake. Ninachotaka kukuandikia ni ile hafla. Tangu siku ile mimi na wewe tunaongea mambo ya chumvi, mambo ya mvua, mambo ya kuku kutotaga, na hafla tunaizunguka kama shimo lililofunikwa kwa mbao. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda kufanya kazi ileile, ya kuwatafutia watu kumbi na wapishi. Sitaki uondoke tukiwa bado tunazunguka.

Naikumbuka siku uliyokuja na habari ile. Hukubisha hodi, hukunisalimia, ukaingia na viatu vya ofisini hadi hapa jikoni. Bosi wako alikuwa amekupa kazi kubwa ya kwanza tangu uanze pale: mkutano wa watu wa misitu unakuja Lushoto, wageni kutoka Dar, kutoka nje, na siku ya mwisho kuna hafla ya jioni. Wewe utafute mahali, wewe utafute wapishi. Watu mia tatu. Ulisema ukiifanya vizuri mkataba wako utaongezwa, utabaki hapa hapa nyumbani, hutakwenda kuhangaika mijini. Mimi nilisikia hilo la kubaki tu. Mengine yote yalinipita.

Tukatembea. Unakumbuka tulivyotembea? Ulisema niende nawe kwa sababu mimi nawajua watu, nami nikajiona wa maana sana. Ile hoteli ya juu ina bustani ya kupendeza na ukumbi wa kulia chakula ambao watu themanini tu wakiingia, wahudumu inabidi watoke. Ukumbi wa chuo ulitosha watu, lakini vyoo vilikuwa viwili na kimoja kimegeuzwa stoo ya mafagio. Tukaenda mpaka Kwai kuangalia lile banda la zamani la Wajerumani. Wewe ukapiga picha kuta, ukasema wageni wangezipenda. Mimi nikatazama juu nikaona mawingu kupitia bati.

Kwa Mchungaji je? Alitupokea vizuri, akatukalisha, akauliza hafla itakuwa na vinywaji gani. Ukamwambia ukweli.

"Mwanangu Upendo," akasema, "ukumbi ni wa Bwana. Soda wanywe mpaka washibe. Bia, hapana."

"Lakini Mchungaji, ni wageni."

"Wageni tunawapenda. Bia tu ndiyo haitapita ule mlango."

Mimi nikataka kumkumbusha harusi ya Kana na ile divai ya Yesu, ukanifinya mkono. Tulipotoka nje tulicheka mpaka ukaegemea ukuta. Nakumbuka nilifikiri, huyu mtoto nilimpeleka bweni akiwa mdogo sana, kila likizo alirudi akiwa mgeni kidogo, na sasa amerudi kweli.

Mwishowe ukapata uwanja wa nyasi wa ile nyumba ya wageni kule kwenye mivinje, maturubai yatoke Korogwe, viti vya kanisani, maana viti Mchungaji hakuwa na neno navyo. Mahali pakapatikana. Wakabaki wapishi. Yule bwana wa Tanga alikuja na kofia nyeupe na picha kwenye simu, saladi zimechongwa maua. Ukamuuliza atapikia wapi. Akasema atapika Tanga apandishe. Na ile milima kutoka Mombo, kona zote zile, wali ungefika hapa umekufa na kuzikwa. Wa hoteli wakasema themanini, hawawezi zaidi. Ndipo ukageuka njiani, pale kwenye daraja la mbao, ukasema: "Mama, kwa nini msipike nyinyi?"

Nikasema ndiyo kabla hujafunga mdomo.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penyewe. Kikundi chetu cha akina mama kinajua kupika. Tumepikia harusi, tumepikia kipaimara, tumepikia Maulidi, na hakuna aliyewahi kuondoka na njaa. Lakini masufuria yale makubwa si yangu wala si ya kikundi. Yalinunuliwa kwa kuchangishana, Waislamu na Wakristo wa kitongoji chetu, kwa ajili ya misiba. Kukiwa na harusi tunayaazima. Kukiwa na msiba hakuna cha kuazima, yanakwenda yenyewe. Hata yakiwa motoni kwa mtu mwingine, yanakwenda. Kila mtu hapa analijua hilo bila kuambiwa, ndiyo maana hakuna anayelisema. Wewe ulikuwa bweni. Ukija likizo ulikuwa unayakuta yamepinduliwa uani kwa Mama Rehema, kuku wamelala juu yake, na mimi sikuwahi kukueleza. Ni kama vile sikuwahi kukueleza kwamba mvua inalowesha.

Na jambo jingine nililijua ambalo wewe hukulijua. Mzee Hoza alikuwa kitandani. Nilikuwa nampelekea uji, na wiki ile ya hafla uji ulianza kurudi. Nilimwangalia yule mzee nikahesabu siku, mwanangu. Nilipotoka kwake nikamwomba Mungu amweke mpaka Jumapili, hafla ipite. Hebu fikiria mama yako, anamwombea jirani uhai kwa sababu ya pilau. Na nyumbani nikifika unaniuliza, "Mama, kila kitu sawa?" nami nasema sawa. Uliniambia bosi wako amekuuliza, hao akina mama wana uzoefu gani, nawe umemjibu, "Nawafahamu, nawaamini." Hukumwambia mmoja wao ni mama yako, usije ukaonekana unapendelea. Nilikuelewa. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Basi siku ikafika. Alfajiri tulikuwa nyuma ya ile nyumba ya wageni, mafiga yamepangwa, Mzee Athumani amechinja kama kawaida ili kila mtu ale bila wasiwasi. Vitunguu vilikuwa vimekwisha kumenywa, mchele umechambuliwa, nyama ipo motoni kwenye sufuria la kwanza. Akina mama wanaimba, Mama Rehema anawatania kwamba leo watapikia Wazungu wasioweza kumaliza hata firigisi. Halafu simu yake ikalia. Akaisikiliza mpaka mwisho. Akaiweka kwenye pindo la kanga, akanijia.

"Mama Upendo," akasema, "Mzee Hoza ametutoka."

Nyimbo zikakatika. Hakuna aliyegusa sufuria. Wote walinitazama mimi, wakingoja niseme. Na ninataka ulijue hili: ningesema tumalizie kwanza, wangemalizia. Wangenuna, lakini wangemalizia kwa ajili yako, maana wamekubeba mgongoni wote wale.

Lakini mimi nilimwona baba yako. Wewe ulikuwa mdogo, sidhani unakumbuka. Walipomleta baba yako kutoka hospitali, gari halijasimama, mimi nimesimama pale mlangoni sijui hata kulia kunaanzaje, nikaona masufuria yanapita. Wanaume wameyabeba vichwani wanaingia nayo uani kwetu. Siku ile kulikuwa na harusi kwa Mzee Hoza. Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa. Yalitoka kwake. Yeye mwenyewe alikuwa amebeba moja, na shati lake la harusi limejaa masizi, akaliweka chini akaniambia, "Shemeji, watu watakula, usiwaze." Wageni wa harusi yake walikula wali wa sufuria ndogo ndogo mpaka giza likaingia, na sikuwahi kusikia mtu wa nyumba ile akilitaja.

Nikawaambia, yachukueni.

Tukamwaga ile nyama kwenye mabeseni, ikiwa bado ina moto, tukayasafisha masufuria, wakayabeba. Akina mama nusu walikwenda nayo, maana msiba unataka mikono, nusu wakabaki na mimi. Hilo silijutii, Upendo. Nilifikiri katika barua hii nikuombe radhi kwa hilo ili uondoke na moyo mweupe, nikaona itakuwa ni uongo mwingine. Likitokea tena kesho, nitafanya vilevile.

Ninalolijutia ni dogo, na linanila. Ulinipigia simu. Masufuria yalikuwa hayajafika hata barabarani, nayaona yanashuka kilimani. Ukasema, "Mama, mambo yanakwendaje?" Nikasema, "Vizuri tu."

Vizuri tu! Nimesimama mbele ya mafiga matupu.

Nilijiambia nitamudu. Mama Rehema alikuwa amemtuma shemeji yake na gari kwenda kuazima masufuria ya msikiti wa kule bondeni, kwa hiyo nikaona nisikutie hofu bure, utayaona yakiwa tayari yanachemka, hutajua hata kilichotokea. Lile gari likazama kwenye tope. Tukaanza kupika kwa vyombo vya ile nyumba ya wageni, sufuria za watu kumi, za watu kumi na tano, tukipakua kwenye mabeseni na kuinjika tena. Wali wa kwanza ukashika. Kila nikisema sasa nimpigie Upendo, nasema ngoja, gari litafika. Lilifika wageni wameshaondoka.

Ningekuambia asubuhi, ungekuwa na siku nzima mkononi. Ungewaamsha wale wa hoteli wapike za kwao themanini. Ungetafuta wakaanga chipsi wote wa sokoni, ungeagiza mikate, ungemwomba bosi wako ahotubie watu kwanza na chakula kije baadaye. Wewe una akili ya haraka kuliko mimi, na una simu yenye majina ya watu. Mimi niliichukua siku yako nikakaa nayo jikoni peke yangu, na kwa nini? Kwa sababu ulisema unaniamini, nami sikutaka uone mahali ninaposhindwa. Si kingine. Majivuno tu, ya mwanamke mzima mwenye masizi usoni.

Yaliyofuata uliyaona. Turubai limejaa maji likabonyea katikati, wageni wamejikunyata na makoti, hotuba zimekwisha, mstari umeanza. Pilau ikafika katikati ya mstari ikaisha. Nilikuwa nachungulia kupitia mlango wa jikoni. Niliona yule mama Mzungu mwenye nywele nyeupe anachukua vipande vya tikiti anavipanga kwenye sahani vizuri, kama vile ndivyo alivyokusudia. Niliwaona wahudumu wanafungua na kufunga mifuniko. Nawe umesimama pale mwanzoni mwa meza, umevaa lile gauni la kijani, unatabasamu, na mikono umeifunga nyuma. Mimi ndiye niliyeiona hiyo mikono.

Ukaja jikoni. Ukaangalia mafiga, ukaangalia zile sufuria ndogo.

"Mama, masufuria yako wapi?"

"Kwa Mzee Hoza," nikasema.

Ukaelewa palepale. Ndiyo maana nasema wewe ni wa hapa, hata kama bweni lilikuchukua. Ukafumba macho, ukasema, "Tangu saa ngapi?" Nikasema tangu asubuhi. Hapo ndipo uso wako ulibadilika. Sikuona hasira uliposikia habari ya Mzee Hoza. Niliiona uliposikia "asubuhi".

Na bosi wako akaingia. Kijana wa watu, hakuwa na adabu mbaya, alikuwa amefedheheka tu mbele ya wageni. Akaniambia "Shikamoo mama" kwanza, nikamwitikia marahaba. Kisha akakugeukia. "Upendo, hawa ni watu gani uliotuletea?"

Ukasema, "Ni kosa langu. Sikuwachunguza vya kutosha."

Nilikuwa na mwiko mkononi. Nikauosha, nikauweka, nikauchukua tena nikauosha.

Hiyo sentensi yako nimelala nayo na kuamka nayo tangu siku ile, mwanangu. Mwanzoni iliniuma, nikasema amenikana, amenifanya kama mtu aliyeokotwa sokoni. Baadaye nikasema hapana, amenifunika. Asingesema hivyo, yule kijana angejua ni mimi, na jina langu lingezungushwa kwenye maofisi yao yote. Siku nyingine nachukua la kwanza, siku nyingine la pili, kutegemea miguu inauma kiasi gani. Nikamuuliza Mama Rehema, maana nilishindwa kukuuliza wewe. Akaendelea kuchambua maharage yake. "Yote mawili," akasema. "Mtoto ni wako, ulitaka atoe wapi jibu la upande mmoja?"

Mkataba haukuongezwa. Hukunilaumu hata mara moja, na ningependa ungenilaumu. Uliandika maombi ya kazi hapo mezani nikiwa nasonga ugali, sikukuuliza unaandika nini, nawe hukusema. Kazi ya Dodoma umeipata mwenyewe, kwa akili yako. Sina mkono wangu humo, labda mkono wa kukusukuma.

Sasa huko utakutana na akina mimi wengi. Utafika mahali mwanamke amejifunga kanga kiunoni, utamuuliza ataweza, atasema anaweza kabla hujamaliza. Usimuulize ataweza. Muulize masufuria ni ya nani. Muulize nani mgonjwa mtaani kwake. Akikuambia ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni mbaya, huyo mchukue. Na siku ya kazi usipige simu, nenda mwenyewe ukaone moto, nenda mapema. Na atakapokuambia asubuhi kwamba mambo yameharibika, jizuie, usipaze sauti, hata kama moyo unapasuka. Ukimfokea mmoja, wote watakuwa wanakuambia vizuri tu. Mimi sikuogopa utanifokea, lakini nimewaona wengi wanaoficha kwa hofu hiyo, na mwisho wake mnakutana mlangoni pa jikoni, mmoja na tabasamu la bandia, mwingine na mwiko.

Na ukiulizwa huko siku moja, katika mazungumzo ya kazi, kama umewahi kuharibikiwa na hafla, simulia hii. Watacheka, ni haki yao. Lakini ukifika kwenye wapishi, sema alikuwa mama yangu. Usinifunike tena. Nitastahimili.

Nasikia sauti za watu uani, kwa hiyo nimalize. Kuna jambo nilitaka niliache ulione mwenyewe, lakini nimeshajifunza kuficha kunaleta nini. Kesho ukiamka utayakuta masufuria yote makubwa hapa kwetu. Usishtuke, hakuna aliyekufa. Wameyaleta jioni hii, wapo huko nje wanayasugua kwa majivu. Nimemuuliza Mama Rehema ni ya nini yote hayo kwa mtoto mmoja anayepanda basi. Akaniambia, "Yaliondoka kwenye shughuli yake. Yanarudi kumaliza." Mjane wa Mzee Hoza ndiye aliyetoa mchele. Watapika pilau ileile, utakula kabla ya kuondoka, na nyingine utafungiwa ule njiani. Na ukiamka mapema ukataka kuja jikoni kuangalia mwenyewe kama kweli inaiva, njoo. Kuna vitunguu vya kumenya.

Barua hii nitaiweka juu ya kitanda chako, uisome leo usiku kabla hujalala. Na najua kesho utanipigia simu. Utanipigia mkishuka Mombo, ukiona joto limeanza, utaniuliza, "Mama, unaendeleaje?" Nimekuwa nikijizoeza jibu tangu juzi, hapa kwenye kigoda. Sitasema vizuri tu. Nitakuambia kwamba nimerudi ndani, nimekaa, na nyumba ni kubwa mno.

Mimi mama yako,
mpishi wa siku ile.